Je, hagifishi ni mnyama mwenye uti wa mgongo? Jibu kwa mwalimu wa biolojia

Swali: "Ninafundisha biolojia kidato cha tano na cha sita. Kitabu kimoja tulicho nacho kinasema hagifishi ana fuvu lakini hana uti wa mgongo, kwa hiyo si mnyama mwenye uti wa mgongo. Kitabu kingine kinamweka kwenye kundi hilo hilo pamoja na lamprei, chini ya kichwa 'Agnatha'. Wanafunzi wamenibana: asiye na uti wa mgongo atakuwaje mnyama mwenye uti wa mgongo? Mmoja aliona video ya papa akimng'ata hagifishi kisha akamtema, sasa anataka kujua kama ute anaoutoa hagifishi ni sumu. Tena maabara yetu ina mtungi wa zamani wenye samaki mrefu mwembamba, umeandikwa 'Myxine' kwa kalamu, lakini wanafunzi waliokulia pwani wanasema huyo ni mkunga tu. Nifundishe lipi? Na kwenye mtihani waandike nini?"

Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa jambo ambalo wanazuolojia wamelibishania kwa zaidi ya miaka 200, na wengine wakabadili msimamo njiani. Umeuliza mengi kwa pamoja, lakini kinachokusumbua hasa ni kimoja: mnyama anaingizwaje kwenye kundi lililopewa jina la kitu ambacho yeye hana?

Nianze na jibu lenyewe. Hagifishi, samaki wa baharini mrefu kama mkunga, ni mnyama mwenye uti wa mgongo, na ndugu yake wa karibu kuliko wote walio hai leo ni lamprei, samaki mwingine mrefu asiye na taya. Kitabu chako cha kwanza hakikubuni lolote. Kimebeba rai iliyokuwa na nguvu sana tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi miaka ya 2000. Cha pili kimemweka mahali panapostahili, ila hicho kichwa cha "Agnatha", yaani wasio na taya, kina kasoro yake, nitaifikia.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe, maana wengi wanamfundisha bila kumwona. Hagifishi yuko katika ngeli Myxini, oda Myxiniformes, familia Myxinidae. Spishi zinazojulikana ni takriban 80 na zote ni za baharini. Jenasi zinazotajwa sana ni mbili. Myxine ana tundu moja tu kila ubavu la kutolea maji yanayotoka kwenye matamvua. Eptatretus ana matundu kadhaa kila ubavu. Hupenda maji baridi, kwa hiyo katika bahari za joto hukaa kwenye vilindi. Barani Afrika anayefahamika vizuri ni Eptatretus hexatrema wa pwani za Namibia na Afrika Kusini, mwenye matundu sita kila upande, na huko Rasi (Cape), Afrika Kusini, hupatikana hata kwenye maji yasiyo na kina kirefu kwa sababu bahari yao ni baridi.

Hana taya. Mdomoni ana vibao viwili vyenye meno ya keratini, dutu ile ile ya kucha zetu, navyo hutokeza nje, hushika nyama na kuivuta ndani. Ana tundu moja la pua, liko mbele kabisa ya kichwa, na sharubu kulizunguka pamoja na mdomo. Macho yake yamefunikwa na ngozi na hayana lenzi. Hana mapezi ya ubavuni. Fuvu lake ni la gegedu, tishu laini kuliko mfupa, na halijafunika ubongo pande zote. Mwilini mwote hupita notokodi, ule ufito mgumu kiasi ambao sisi huwa nao tungali viinitete, yeye akabaki nao maisha yake yote. Na damu yake ina chumvi karibu sawa na ya maji ya bahari, jambo ambalo halipo kwa mnyama mwingine yeyote mwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo maji yasiyo na chumvi, kama ya mito na maziwa, hayawezi. Mwanafunzi akikuambia amemwona hagifishi Ziwa Victoria, yamkini alimwona kamongo.

Nirekebishe pia sifa mbaya aliyopewa. Vitabu vingi humtaja kama mla mizoga tu, anayeingia ndani ya samaki aliyekufa au anayekufa na kumla kuanzia tumboni. Hilo hulifanya kweli, na wavuvi wa nchi baridi humlalamikia kwa kuwaharibia samaki waliokwisha nasa. Mzoga wa nyangumi ukifika sakafu ya bahari, yeye ni miongoni mwa wa kwanza kuufikia. Lakini hula pia minyoo na viumbe wengine wadogo wa matopeni, na huko New Zealand kamera zilizoshushwa baharini zilimrekodi akimwinda samaki aliye hai shimoni mwake. Mwaka 2011 watafiti walionyesha pia kwamba ngozi na matamvua yake hunyonya virutubisho vilivyoyeyuka majini, kwa hiyo akiwa amejichimbia ndani ya mzoga anakula kwa mdomo na kwa ngozi. Bila yeye na wenzake, nyama inayozama ingekaa sakafuni muda mrefu zaidi. Hiyo ni kazi kubwa ya ikolojia, na ningependa wanafunzi waisikie kabla hawajamwita mchafu.

Sasa turudi kwenye uainishaji. Linnaeus, Mswidi aliyeweka msingi wa uainishaji wa viumbe, katika toleo la mwaka 1758 la kazi yake kubwa, alimweka Myxine miongoni mwa minyoo. Mtu wa wakati wake, bila darubini nzuri, alimwona kiumbe laini, asiye na macho, asiye na taya, asiye na mapezi ya ubavuni, akaona huyu ni mnyoo. Mwishoni mwa karne hiyo Marcus Bloch, daktari wa Berlin aliyejua samaki kuliko wengi wa zama zake, akamrudisha kwa samaki. Mwaka 1806 Mfaransa Duméril akamweka pamoja na lamprei katika kundi la wenye mdomo wa duara, ambalo leo tunaliita Cyclostomata. Alitazama mdomo usio na taya, ulimi wenye meno na matamvua yaliyo kwenye vifuko. Kwa zaidi ya karne moja na nusu wengi walimfuata.

Kisha mwaka 1977 mwanabiolojia Søren Løvtrup akaandika kwamba tumekosea, na muda si mrefu Philippe Janvier wa Paris, bingwa wa visukuku (mabaki ya kale yaliyohifadhiwa miambani) vya samaki, akaunga mkono kwa hoja nzito. Tazama, walisema: lamprei ana vijipande vya gegedu juu ya notokodi, yaani mwanzo wa pingili za uti wa mgongo. Ana jicho lenye lenzi na misuli ya kulizungusha. Anadhibiti chumvi ya mwili wake. Moyo wake unaongozwa na neva. Haya yote anayo pia samaki mwenye taya, na hagifishi hana hata moja. Basi lamprei yuko karibu zaidi na papa, sato na binadamu kuliko alivyo karibu na hagifishi, naye hagifishi alijitenga mapema kabla pingili hazijatokea. Hapo ndipo lilipozaliwa lile fundisho la kitabu chako cha kwanza: wenye fuvu ni kundi kubwa, wenye uti wa mgongo ni kundi dogo ndani yake, na hagifishi yuko nje ya lile dogo.

Ni hoja nzuri, na ningekuomba usiwaambie wanafunzi kuwa ni ujinga. Ila ina udhaifu mmoja, na hapa ndipo somo lako lilipo. Orodha yote ile ni ya vitu ambavyo hagifishi HANA. Kukosa kitu kuna njia mbili: ama mababu zako hawakuwahi kuwa nacho, ama walikuwa nacho kikapotea. Ukimtazama mnyama mwenyewe tu huwezi kuzitofautisha. Waulize wanafunzi kuhusu chatu. Hana miguu, lakini hakuna anayesema chatu alijitenga na mijusi kabla miguu haijatokea, kwa sababu ubavuni karibu na mkia bado ana vijikucha viwili, masalia ya miguu ya nyuma. Mababu zake walikuwa na miguu. Kwa hagifishi tulihitaji ushahidi wa aina hiyo hiyo, na ulichelewa sana kupatikana.

Ulichelewa kwa sababu mayai yake hayapatikani kirahisi. Jike hutaga machache, makubwa, yenye vikulabu kwenye ncha, kule chini tusikofika. Katika karne ya 19 Chuo cha Sayansi cha Kifalme cha Denmark kilitangaza tuzo kwa atakayeeleza jinsi Myxine anavyozaana, na tuzo hiyo haikupata mshindi. Mwaka 1899 Mmarekani Bashford Dean alichapisha maelezo ya viinitete vya spishi ya Pasifiki kutoka Monterey, California, na baada yake zaidi ya miaka 100 ikapita karibu bila viinitete vipya vya kuchunguza. Ndipo maabara ya Shigeru Kuratani huko Kobe, Japani, ikafaulu kupata mayai yaliyorutubishwa ya Eptatretus burgeri, spishi inayoishi kwenye kina kidogo ikilinganishwa na nyingine. Mwaka 2007 walionyesha kuwa kiinitete chake hutengeneza seli za ukingo wa neva (neural crest), zile zinazojenga sehemu nyingi za kichwa na neva, kwa utaratibu ule ule wa wanyama wengine wenye uti wa mgongo. Mwaka 2011 Kinya Ota na wenzake wakaonyesha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha jibu hili: chini ya notokodi, sehemu ya mkiani, hagifishi ana vinundu vya gegedu vinavyolingana na sehemu za pingili. Ni vidogo mno, lakini vipo. Hagifishi ana masalia ya uti wa mgongo kama chatu alivyo na masalia ya miguu.

Wakati huo huo ushahidi wa jeni ulikuwa umeshaelekea huko. Tangu miaka ya 1990, mara nyingi walipolinganisha mfuatano wa jeni, hagifishi na lamprei walikaa pamoja. Mwaka 2010 utafiti wa maikroRNA, vile vipande vifupi vya RNA vinavyodhibiti jeni, ulipata aina walizo nazo hao wawili peke yao. Janvier, aliyekuwa nguzo ya upande wa pili, aliusoma ushahidi huo na mwaka ule ule akaandika kwamba umemshawishi. Mimi huwasimulia wanafunzi wangu tukio hilo kila mwaka, kwa sababu mtu aliyejenga hoja kwa miaka 30 alikubali kuiacha kwa ushahidi. Hagifishi na lamprei wana pia kinga ya mwili ya namna moja: badala ya kingamwili kama zetu hutumia protini za aina nyingine kabisa, zilizogunduliwa kwa lamprei mwaka 2004 na kwa hagifishi mwaka uliofuata. Mwaka 2024 jenomu ya hagifishi, yaani jumla ya jeni zake, ilipochapishwa ilithibitisha undugu wao tena.

Na macho? Katika miamba ya Mazon Creek, Illinois, kuna kisukuku kiitwacho Myxinikela chenye umri wa miaka milioni 300 na zaidi. Mwaka 2016 watafiti waliona kwamba macho yake yalikuwa na rangi kwenye retina, kitu ambacho hagifishi wa leo amekikosa. Jicho lake limepungua kadiri alivyozoea gizani. Kwa hiyo lile jina la "kisukuku kilicho hai" naomba lisitumike kwake. Umbo la jumla ni la kale kweli, kwani kisukuku kingine kutoka Lebanon, Tethymyxine, cha takriban miaka milioni 100, kina hata alama za kikemikali za tezi za ute ubavuni. Lakini kuwa wa kale hakumfanyi kuwa hatua ya chini ya safari iliyoishia kwetu.

Kuna mchoro unaopatikana kwenye vitabu vingi ambao unapotosha, ukae nao macho. Ni ule wa mifereji ya nusuduara ndani ya sikio, ile inayosaidia mwili kuhisi mizani: hagifishi mmoja, lamprei miwili, wenye taya mitatu. Moja, mbili, tatu, mwanafunzi anaona ngazi. Hakuna ngazi. Mababu wa hagifishi na lamprei waliachana na mababu wa wenye taya takriban miaka milioni 500 iliyopita, kisha hao wawili nao wakaachana, na kila ukoo ukaendelea kubadilika kivyake mpaka leo.

Hapo ndipo kasoro ya "Agnatha" ilipo. Hilo ni fungu la wote wasio na taya: hagifishi, lamprei, na samaki wengi wa kale waliovaa magamba mazito ya mfupa. Baadhi ya hao wa kale wako karibu zaidi na wenye taya kuliko na lamprei. Ni fungu la kukosa kitu, halina babu mmoja aliye wa kwao peke yao. Cyclostomata, yaani hagifishi na lamprei tu, ni ukoo halisi. Hata neno letu "samaki" lina shida hiyo hiyo, na mfano wake tunao hapa: kamongo, kwa ukoo, yuko karibu zaidi na sisi kuliko alivyo karibu na sato anayeishi naye ziwa moja. Darasa likimeza hilo, hagifishi hatawatisha tena.

Kuhusu ute: si sumu. Kila ubavu wa hagifishi una safu ya tezi zinazotoa vitu viwili kwa pamoja, vifuko vya kamasi na seli zenye uzi uliokunjwa ndani. Uzi mmoja hufikia sentimita 10 hadi 15, ingawa upana wake ni mikromita chache tu. Vikigusa maji ya bahari na kuvurugwa na pigo la adui, nyuzi hukunjuka, kamasi hutanda kati yake, na tone dogo huwa maelfu ya ujazo wake kwa muda usiofika nusu sekunde. Karibu ute wote huo ni maji yaliyonaswa kwenye wavu wa nyuzi. Papa hakuchomwa na kemikali yoyote: matamvua yake yameziba, hawezi kupumua, ndiyo maana hutema haraka. Video za New Zealand zilizochapishwa mwaka 2011 zinaonyesha hivyo kwa spishi kadhaa za papa na samaki wakubwa.

Mwanafunzi atauliza mbona meno ya papa hayakumtoboa. Ute hutoka baada ya kung'atwa, kwa hiyo kinachomwokoa kwanza ni ngozi. Imelegea mwilini kama kanzu pana. Jino linapobana, ngozi hukunjwa na viungo vya ndani huteleza pembeni. Akishaponyoka anajifunga fundo kuanzia mkiani na kulipitisha hadi kichwani ili kujipangusa, kwa sababu ute wake mwenyewe unaweza kumziba pua. Ngozi hiyo hiyo hutengenezwa pochi na mikoba nchini Korea, ambako nyama yake pia huliwa sana, hasa mjini Busan.

Sasa ule mtungi. Siwezi kumtambua samaki kwa maelezo peke yake, ila unaweza kumchunguza bila kufungua kifuniko. Tafuta taya kwanza. Mkunga ana taya zinazofunga juu na chini, macho yanayoonekana wazi, na pezi refu mgongoni. Lamprei hana taya, ana macho, mdomo wa duara wa kunyonya, mapezi mgongoni, na matundu saba ya matamvua kila upande. Ukiona sharubu, tundu moja la pua mbele kabisa, hakuna macho ya kuonekana, na mstari wa vitundu vidogo vya ute kila ubavu toka mbele hadi mkiani, basi ni hagifishi, na shule yako ina hazina. Wanafunzi wa pwani wanawajua mikunga, uwasikilize. Lakini mkunga na hagifishi wakiwa kwenye maji ya dawa hufanana kwa aliye mbali.

Tafadhali usimtoe kwa mikono mitupu. Mitungi ya zamani mara nyingi huwa na fomalini, ambayo huunguza macho na koo na inajulikana kusababisha saratani. Kama kioo kimepasuka, kifuniko kinavuja au maji yamepungua hadi samaki kubaki juu, funga chumba, wazuie wanafunzi, umwite mtaalamu wa maabara wa chuo au hospitali iliyo karibu. Kwa utambuzi wenyewe, piga picha za kichwa, ubavu na mkia pamoja na rula, uzipeleke idara ya samaki ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, au ofisi ya TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania). Na ikiwa mtungi una karatasi yoyote ya mahali na tarehe, usiitupe. Sampuli isiyo na mahali ilipotoka hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Umebaki mtihani. Unaweza kufuata kitabu cha kwanza na kukaa kimya. Ni salama kama swali limetungwa kutokana nacho, lakini utakuwa umefundisha kitu unachojua kimepitwa. Unaweza kufundisha rai ya sasa peke yake. Ni kweli, ila mwanafunzi anaweza kukutana na msahihishaji mwenye mwongozo wa zamani. Mimi ningewafundisha kuandika sentensi mbili zinazosimama popote: "Hagifishi ana fuvu la gegedu na notokodi ya kudumu, hana taya wala pingili kamili. Huainishwa pamoja na lamprei katika Cyclostomata, miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo, kwa ushahidi wa jeni na wa viinitete." Swali likitaka neno "Agnatha", waliandike, kisha waongeze kuwa ni kundi la wasio na taya. Jambo hili lipeleke pia kwenye kikao cha walimu wa somo cha wilaya au kwa mthibiti ubora wa shule, ukiwa na vitabu vyote viwili mkononi na kurasa zimewekewa alama, kwa sababu mgongano huo hauko shuleni kwako peke yake.